Regulata Isubiri Kwanza: Somo Nililorudi Nalo Kutoka Vigwaza

Wenzangu mliorudi fildi mnalijua swali tunalosalimiana nalo kantini siku hizi: "Ulipangiwa wapi?" Mimi nilipangiwa Vigwaza, mkoa wa Pwani, kwenye barabara ya Morogoro, ukishaipita Mlandizi na Ruvu. Nikitaja jina hilo wengi wanasema, "Ahaa, pale kwenye mizani," maana malori ya bara hupimwa uzito pale. Kumbukeni hiyo mizani, nitairudia.

Ninasoma ualimu, masomo yangu ni Fizikia na Hisabati. Makala hii inahusu kosa nililolifanya nikiwa mwalimu wa fildi, lililowagharimu watahiniwa wa kidato cha nne usiku tisa wa prepo. Nimeona niliandike kwa sababu kosa lenyewe ni la Fizikia tunayoisoma hapa chuoni kila siku, na pia kwa sababu kuna mtu kwenye hosteli yetu ambaye friji yake itakufa mwaka huu kwa ugonjwa ule ule.

Taa kumi na paneli moja

Shule niliyokuwepo ilikuwa na kambi ya kidato cha nne. Umeme upo ofisini, bwenini na kwenye darasa la kambi haujafika. Kwa hiyo shule ilikuwa na taa kumi ndogo za kuchaji. Mchana zinachajiwa kwa sola, jioni zinagawiwa, kila taa watu wanne, wanasoma hadi saa nne usiku.

Mfumo wenyewe ulikuwa mwepesi sana. Paneli moja ya wati 50 juu ya paa, waya unashuka, unaingia kwenye regulata, na regulata inatoa volti 5 kwenda kwenye taa zote kumi. Betri kubwa haikuwepo, ile ya zamani ilishakufa na hela ya nyingine haikupatikana.

Nilipofika, mfumo ulikuwa unasumbua. Siku ya jua kali tangu asubuhi, taa zinajaa. Siku ikianza na wingu, taa hazijai hata jua likija kutoka baadaye. Mwalimu wa somo aliniambia, "Wewe umetoka chuo, hebu tuangalizie." Jamani, kichwa kikavimba. Nilichukua mita, nikapanda juu ya meza, nikapima waya wa paneli wakati taa zimechomekwa. Mita ikasoma volti 6 tu. Paneli imeandikwa volti 18! Nikatoa hukumu papo hapo mbele ya darasa: paneli ni feki, mmepigwa. Mkuu wa shule akampigia muuzaji, wakabishana kweli kweli, paneli ikashushwa ili irudishwe. Usiku huo prepo haikuwepo, na kesho yake pia.

Siku ya tisa, binti mmoja wa kidato cha tatu aliyekuwa na zamu ya kuchaji taa alinifuata akiwa na wasiwasi. Akaniambia, "Mwalimu, samahani. Ile paneli ilikuwa inafanya kazi. Ikigoma asubuhi, mimi nilikuwa nachomoa taa zote saa nne, halafu nachomeka tena. Ikishachomekwa upya inachaji vizuri mpaka jioni."

Nikamwambia asante, nitaangalia. Lakini usiku sikulala vizuri. Paneli feki haiponi kwa kuchomoa na kuchomeka. Kwa hiyo nilikuwa nimekosea, tatizo nikawa bado sijajua liko wapi.

Kifaa kisichojua kunyamaza

Tuanze na regulata yenyewe. Kazi yake ni kupokea volti zinazopanda na kushuka, halafu kutoa volti zile zile muda wote. Zipo za aina mbili mtakazozikuta kwenye maduka ya vifaa. Ile ya zamani, mfano 7805, inafanya kazi kama bomba lililobanwa: volti zinazozidi inazigeuza joto, na inahitaji volti kama 7 zikiingia ili itoe 5. Aina ya pili ni ya kukatakata. Inawasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na haipotezi sana. Ya shuleni ilikuwa hii ya pili, na kwa sola ndiyo inayofaa.

Lakini regulata ya kukatakata ina tabia moja ambayo vitabu vyetu vinaipita haraka. Taa kumi zilikuwa zinataka ampea 2 kwa volti 5, yaani wati 10. Tuseme regulata inapoteza kidogo, kwa hiyo inahitaji wati 11 kutoka kwenye paneli. Sasa piga hesabu rahisi, nguvu ni volti mara mkondo:

Volti zinazoingia zikiwa 18, inavuta ampea 0.6.
Zikiwa 12, inavuta ampea 0.9.
Zikiwa 6, inavuta zaidi ya ampea 1.8.

Mmeona? Volti zinavyopungua, inavuta mkondo mkubwa zaidi. Yenyewe imeahidi wati 10 upande wa pili na itazitafuta kwa nguvu zote. Ni kama mtu aliyeahidi mchango wa harusi: mshahara ukipungua hapunguzi ahadi, anakopa.

Sasa paneli nayo ina tabia yake. Mkondo ambao paneli inaweza kutoa unategemea jua. Jua likiwa kidogo, mkondo wa juu kabisa unakuwa mdogo, na ukilazimisha kuvuta zaidi ya hapo, volti zinaporomoka. Usipovuta kitu chochote, volti zinapanda vizuri tu, hata asubuhi na mapema. Ndiyo maana ukipima paneli tupu alfajiri unaweza kuona volti 18 ukafurahi, kumbe nyuma yake hakuna kitu.

Unganisha tabia hizi mbili. Asubuhi ya wingu paneli ina uwezo wa ampea 0.3. Regulata inataka 0.6. Inavuta, volti zinashuka. Zikishuka, regulata inataka 0.9. Volti zinashuka tena. Mwisho wake zinakwama kwenye volti 6, chini kabisa, na taa zinapata umeme wa kukonyeza tu.

Saa nne jua linatoka. Paneli sasa ina uwezo wa ampea 0.8. Ingekuwa iko kwenye volti 17, ingetoa wati 13 na zaidi, zinatosha na zinabaki. Lakini haiko kwenye 17, imekandamizwa kwenye 6. Sita mara 0.8 ni wati 4.8. Regulata inataka 11. Kwa hiyo inaendelea kuikandamiza, na jua lote lile linapotea. Mfumo umenasa, na hauwezi kujinasua wenyewe mpaka jua liwe kali sana.

Yule binti alipochomoa taa, mzigo uliondoka, volti zikapanda hadi juu. Alipochomeka tena, regulata ilianza ikiwa volti 17 zipo, ikavuta ampea 0.65, paneli ikamudu. Alikuwa ametatua tatizo kwa mkono, bila mita. Mimi na mita yangu nilikuwa nimepima dalili nikaiita ugonjwa.

Friji ya mama mwenye nyumba

Wale wasiosoma sayansi wasikate tamaa, jambo hili liko nyumbani pia. Pale nilipopanga, mama mwenye nyumba alikuwa anauza barafu na juisi ya ukwaju. Friji yake iliungua mota. Jioni moja nilipima umeme kwenye soketi yake saa mbili usiku, mita ikasoma volti 168. Umeme wetu unatakiwa uwe volti 230.

Watu husema umeme mdogo hauna madhara kama umeme mkubwa. Kwa taa ya kawaida ni kweli, inafifia tu. Kwa friji siyo kweli. Mota ya friji inapoanza lazima isukume gesi, na volti zikiwa ndogo inaweza kushindwa kuzunguka. Mota iliyoshindwa kuzunguka inavuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, na mkondo wote huo unageuka joto ndani ya waya wa shaba. Inanguruma, inazima kwa joto, inapoa, inajaribu tena. Siku moja haijaribu tena.

Mama aliniuliza swali zuri: "Mwanangu, mbona tunaambiwa umeme upo mwingi?" Na kweli upo. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mashine 9 za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115, na umeme wake unasafirishwa kwa njia ya kilovolti 400 hadi Chalinze, si mbali na pale. Wanaupandisha hadi kilovolti 400 kwa sababu ile ile ya hesabu yetu: kwa nguvu ile ile, volti zikiwa kubwa mkondo unakuwa mdogo, na mkondo mdogo unapoteza kidogo njiani. Lakini kipande cha mwisho, kutoka transfoma hadi nyumbani, ni cha volti 230. Nyumba iliyo mwishoni mwa waya mrefu, saa ambayo kila mtu amewasha vitu vyake, inapata kilichobaki baada ya ukinzani wa waya kula sehemu yake. Umeme unaweza kuwa mwingi nchini na mdogo kwenye soketi yako.

Mizani ya volti

Sasa dawa. Dawa ni kifaa kisiruhusiwe kuanza mpaka volti zinazoingia zitoshe. Kwenye friji, hiyo ndiyo kazi ya gadi, kile kiboksi kinachochomekwa kati ya soketi na friji. Umeme ukishuka hadi volti 180 na kitu, kinakata. Kwenye regulata, kazi hiyo inafanywa na mguu wa ruhusa. Regulata nyingi za kisasa zinao, umeandikwa EN.

Hapo ndipo ile mizani ya Vigwaza inaponisaidia kufundisha. Lori halipiti kwa sababu dereva amesema mzigo ni wa kawaida. Linapanda kwenye mizani, namba inasomwa, inalinganishwa na kiwango kilichowekwa, ndipo linaruhusiwa au linawekwa pembeni. Mguu wa ruhusa ni mizani ya namna hiyo. Tofauti ni kwamba barabarani tunazuia kilichozidi, na hapa tunazuia kilichopungua.

Kiwango chenyewe kimejengwa ndani ya chipu, na kwenye chipu nyingi ni karibu volti 1.2. Mguu ukipata chini ya hapo, regulata inalala. Ukipata zaidi, inaamka. Sisi tunataka iamke paneli ikifika karibu volti 16. Kwa hiyo tunahitaji kuzipunguza volti za paneli kwa uwiano maalumu kabla ya kuzipeleka kwenye mguu, na hiyo ni kazi ya rezista mbili zilizopangwa mfululizo, kigawanya volti cha kawaida. Rezista ya juu ikiwa kiloomu 120 na ya chini kiloomu 10, mguu unapata sehemu moja ya 13 ya volti za paneli. Kumi na tatu mara 1.2 ni 15.6. Tayari, regulata haitaamka chini ya volti 15.6. Rezista mbili, bei yake haifiki hata nauli ya daladala.

Alama moja haitoshi

Nilipofunga hivyo mara ya kwanza, mfumo ulianza kutetemeka. Taa ya kijani ya regulata ilikuwa inawaka na kuzima haraka haraka. Sababu ni hii: paneli inafika 15.6, regulata inaamka, inavuta mkondo, volti zinashuka kidogo hadi 15.5, regulata inalala, mzigo unaondoka, volti zinapanda, inaamka. Mchezo hauishi.

Fikirieni pampu ya tangi la maji hosteli. Ingekuwa na alama moja tu, kila mtu akifungua bomba pampu inawaka, akifunga inazima, na isingemaliza mwezi. Ndiyo maana fundi anaweka alama mbili: maji yakishuka hapa washa, yakifika kule zima. Katikati ya alama hizo, endelea na ulichokuwa unafanya. Wataalamu wanaiita histeresisi, neno gumu kwa jambo ambalo boya la tangi linalijua.

Kwenye mfumo wetu alama ya pili inapatikana kwa rezista ya tatu, nayo ya kiloomu 120, kutoka kwenye pato la volti 5 kurudi kwenye mguu wa ruhusa. Regulata ikiwa imelala, pato ni sifuri, kwa hiyo rezista hiyo inauvuta mguu chini na kufanya kuamka kuwe kugumu zaidi. Ikishaamka, pato ni 5, rezista ile ile inauinua mguu na kufanya kulala kuwe kugumu. Nilipiga hesabu za mkondo kwenye mguu huo, mnaweza kuzirudia wenyewe kwa sheria ya Omu: kuamka ni volti 16.8, kulala ni volti 11.8. Nafasi ya volti 5 katikati.

Sasa angalieni asubuhi ya wingu inavyokwenda. Volti zinapanda hadi 16.8, regulata inajaribu. Jua halitoshi, volti zinashuka, zikifika 11.8 inaacha. Inapumzika, inajaribu tena. Hainasi kwenye volti 6 kwa sababu hairuhusiwi kufika huko. Jua likitosha, jaribio linalofuata linafanikiwa na inatulia hapo. Anachofanya yule binti kwa mkono saa nne, rezista tatu zinakifanya zenyewe kila mara inapohitajika. Kapasita kubwa kidogo upande wa kuingilia inasaidia majaribio yasiwe ya haraka mno.

Tahadhari mbili kwa watakaojaribu. Ya kwanza, someni karatasi ya chipu kabla ya kushika pasi ya kuchomea. LM2596, ambayo imejaa madukani, mguu wake wa kuwasha uko kinyume: ukiuunganisha na hasi inafanya kazi, ukiupa volti inalala. Ukiifungia kigawanya volti changu kama kilivyo, itazima jua likiwa kali. Mimi nilitumia regulata nyingine yenye mguu wa EN wa kawaida. Ya pili, dawa hii haiongezi jua. Siku ya wingu zito taa kumi hazitajaa hata ufanye nini. Siku hiyo chomeka mbili mbili, kwa zamu, ili ahadi ya regulata iwe ndogo kuliko uwezo wa paneli.

Na wenye friji hosteli: nunueni gadi, halafu muwe na subira nayo. Umeme ukirudi, gadi inakaa dakika kadhaa kabla ya kuwasha friji. Nimeona watu wanaichomoa kwa hasira na kuchomeka friji moja kwa moja ukutani. Dakika hizo zinaacha presha ya gesi ishuke ili mota ianze bila kulemewa, na zinahakikisha umeme umetulia kweli.

Nilichokuwa nadaiwa

Paneli ilirudishwa juu ya paa siku ya kumi. Mkuu wa shule alimpigia tena muuzaji, safari hii kumwomba radhi, na aliniweka simu mkononi niseme mwenyewe. Nilisema. Halafu nilisimama mbele ya kidato cha nne, darasa lile lile nililotolea hukumu, nikawaeleza kwamba paneli ilikuwa nzima, na kwamba nilipima nikiwa na haraka ya kuonekana najua. Niliwaambia nani aliligundua. Yule binti alikuwa anachungulia dirishani, akakimbia.

Wiki ya mwisho nilimwita anisaidie kuchomea ile rezista ya tatu. Aliniuliza kwa nini tusiipe regulata uhuru ianze tu, ikishindwa ishindwe. Nikamrudishia swali: saa nne jua lilipotoka, paneli ilikuwa na nguvu au haikuwa nayo? Akasema ilikuwa nayo. Sasa kwa nini taa hazikuwaka? Akafikiri kidogo, pasi ikiwa mkononi, akasema, "Kwa sababu ilianza mapema, ikakaa chini."

Sijawahi kupata jibu bora kuliko hilo, na nimeshalitumia kwenye seti mbili za mazoezi hapa chuoni.